Kaa Chini Kabla Hujaanguka

Damu hulaumiwa bure. Mwanafunzi wa ukunga akianguka sakafuni saa nne asubuhi, hatua mbili kutoka kwa mama anayeshonwa, wodi nzima husema aliona damu akashindwa. Hebu rudisha saa nyuma. Mwanafunzi huyo amepanga bedsita Kayole, na ripoti ya kupokezana zamu huanza saa moja na nusu. Aliamka saa kumi na moja kasoro, akangoja mlangoni mpaka aliposikia nyayo za watu wengine kwenye ngazi, kwa sababu giza la alfajiri mtaani si la kutembea peke yako. Akapanda matatu, akakwama Jogoo Road pamoja na nusu ya Eastlands, akashuka mbio. Nauli ilikuwa imepanda kwa ajili ya mvua, kwa hiyo hela ya chai na mandazi iliishia mkononi mwa konda. Tangu hapo amesimama wima kwenye chumba chenye joto, amevaa aproni ya plastiki na barakoa, anamshikia sista tochi. Kuanguka kwake kulianza alfajiri. Damu ilikuja kumalizia tu.

Nawaandikia wale ambao rotesheni ya leba inawasubiri: wa hospitali za Pumwani na Mama Lucy, na wa vituo vya afya vya mitaani kama Dandora, Kariobangi na Kayole. Baadhi yenu mmeshaanguka mara moja na sasa usingizi hauji mkifikiria Jumatatu. Wengine hamjaanguka lakini mnajijua. Mnakumbuka mlivyolegea siku ya kuchanjwa shuleni. Wanaume mliomo humu pia nawaona. Nyinyi huanguka kama wenzenu, kisha mnachekwa mara mbili. Nimefanya kazi hii na kusimamia wanafunzi miaka ya kutosha kuamini jambo moja: anayesema mapema kwamba anahisi vibaya, akakaa chini, ni mkunga wa kuaminika kuliko yule anayejikaza hadi amwangukie mgonjwa.

Kwanza tuelewe mwili unafanya nini. Ukisimama bila kusogea, damu nyingi huteremka miguuni na tumboni. Kwa kawaida mwili hujirekebisha wenyewe: mishipa hubana, moyo huongeza kasi, mambo yanaendelea. Lakini kwa baadhi yetu, likitokea la kushtua, kama sindano, harufu, kilio cha maumivu au damu, mfumo huo hugeuka ghafla. Neva iitwayo vagasi hupunguza mapigo ya moyo, mishipa ya miguuni hulegea, presha inaporomoka. Anayeishi ghorofa ya sita Umoja anaijua hali hii: presha ya maji ikishuka, mfereji wa chini huendelea kutiririka, wa juu ndio hukauka. Kichwa chako ndicho mpangaji wa ghorofa ya juu. Ukishalala sakafuni, damu haina tena ngazi ya kupanda, inarudi kwenye ubongo, na kwa kawaida dakika haiishi kabla hujafungua macho. Kuzimia kwa namna hii hakuharibu ubongo wala moyo. Kinachoumiza ni ukingo wa kitanda, sakafu ya saruji, au mkasi ulioanguka nao.

Woga wa damu una tabia yake. Mtu anayeogopa mbwa au lifti, moyo humwenda mbio na presha hupanda, kwa hiyo ni nadra kuzimia. Anayeogopa damu presha hupanda kidogo kisha hudondoka. Ndiyo maana ule ushauri ambao kila mtu hutoa, tulia, legeza mwili, vuta pumzi nyingi, waweza kukuangusha haraka zaidi. Mwili uliolegea ndio uliokwisha kushusha presha. Hauhitaji kusaidiwa kulegea. Na kupumua haraka haraka hupunguza hewa ya kaboni dioksidi kwenye damu, mishipa ya ubongo ikabana, kizunguzungu kikaongezeka. Wanafunzi wengi hufanya hivyo bila kujua: mama anapumua kwa uchungu, mwanafunzi aliyemshika mkono anapumua naye, kwa kasi ileile, kwa huruma. Mhurumie mama, lakini pumzi yako ibaki yako.

Sasa chumba chenyewe. Shirika la Afya Duniani hutaka chumba cha kujifungulia kiwe na joto la nyuzi 25 au zaidi, kwa kuwa mtoto hutoka amelowa na hupoteza joto upesi. Ni agizo zuri, na silipingi. Lakini maana yake ni kwamba madirisha yamefungwa na wewe umevaa plastiki. Ongeza harufu ya klorini kwenye ndoo za vifaa na harufu ya maji ya uzazi. Ongeza pia umati. Pumwani imekuwa ikizalisha akina mama tangu 1926, ilipoanzishwa kwa juhudi za Lady Grigg, mkewe gavana wa wakati huo, na hadi leo vyuo hupeleka wanafunzi kwenye hospitali kubwa kama hiyo kwa sababu makumi ya watoto huzaliwa huko kila siku. Matokeo yake ni kitanda kimoja kuzungukwa na wanafunzi wa sare tofauti tofauti, bega kwa bega, kila mmoja anataka kuona. Watu wanane wakimzunguka mama mmoja, hewa huisha, na hadhi ya mama huisha pia. Mwanafunzi wa tisa akianguka, mimi siwezi kumlaumu yeye.

Mwaka 2009 watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwauliza wanafunzi wa udaktari waliozimia au kukaribia kuzimia kwenye chumba cha upasuaji ni nini walichodhani kiliwaponza. Walitaja joto, kusimama muda mrefu, barakoa, na harufu ya nyama inayochomwa na kifaa cha umeme cha kuzuia damu. Hayo si mambo ya ujasiri. Ni mambo ya hewa, miguu na pua, na karibu yote yana dawa.

Dawa ya kwanza ni tumbo. Najua hesabu ya hela inavyokwenda. Mwanafunzi anayelipa kodi ya nyumba, karo na nauli mara mbili kwa siku hukata panapokatika, na panapokatika kwanza ni kiamsha kinywa. Nakuomba ukate kwingine. Huhitaji mlo wa hoteli. Kikombe kikubwa cha uji na yai la kuchemsha linalouzwa steji vinatosha. Ukishindwa kumeza chochote saa kumi na moja, na wengi hushindwa, beba: viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, ndizi mbili, au mkate uliopakwa njugu, ule ukiwa kwenye matatu iliyokwama. Foleni ya Jogoo Road ni mbaya, lakini inatosha kabisa kumaliza ndizi mbili. Chai ya rangi na sukari peke yake hukupa nguvu za saa moja, kisha inakuacha pale pale inchaji wa wodi anapokuita kitandani.

Maji ni shida ya aina nyingine. Wanafunzi hawanywi maji kwa sababu choo ni kimoja, kiko mbali, na kuomba ruhusa ya kwenda huonekana uvivu. Kwa hiyo hushinda na kinywa kikavu hadi saa saba. Kunywa. Nusu lita ya maji ukiinywa kwa mkupuo mmoja, dakika kadhaa kabla ya kusimama kitandani, huinua uwezo wa mwili kuhimili kusimama, na nguvu hiyo hukaa kama saa moja. Ni jambo lililopimwa na madaktari wanaotibu watu wanaozimia mara kwa mara, na ni dawa isiyogharimu kitu. Kama presha yako haina tatizo, chumvi kidogo kwenye chakula pia husaidia kuyashika maji mwilini.

Kwa wanaofunga Ramadhani, na wodi zilizo karibu na Majengo na Eastleigh haziwakosi, daku ndiyo chakula chako cha kazi. Usiilale. Kula kinachokaa tumboni, maharagwe, uji mzito, tende, na maji uyagawanye kuanzia futari hadi daku badala ya kuyabugia yote dakika ya mwisho. Kisha umwambie inchaji mwanzoni mwa wiki kwamba umefunga na ungependa kazi za kusimama tuli zipunguzwe kuanzia saa sita mchana. Wengi hukubali wakiambiwa mapema. Hukasirika wakilijua jambo hilo kutoka sakafuni.

Kuna jambo la damu yako mwenyewe ambalo wakunga hulisahau. Unawapima akina mama damu kila siku kwenye kliniki ya wajawazito, wewe ulijipima lini? Msichana mwenye hedhi nzito, anayekula sukuma na ugali na kuteremshia chai kila mlo, aweza kuwa na upungufu wa damu bila kujua. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Omena, maini na ndengu ni rahisi kupatikana sokoni, na chungwa au nyanya mbichi husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo iache saa moja baada ya kula. Na kama kuna uwezekano wa ujauzito, pima. Wapo waliogundua hivyo, kwa kuanguka kwenye leba ya mtu mwingine.

Ukishafika kando ya kitanda cha mama, adui ni kusimama tuli. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu, na pampu hiyo hufanya kazi ukisogea tu. Simama magoti yakiwa yamelegea kidogo, hamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, inua visigino na uvishushe, kunja vidole ndani ya viatu. Hakuna atakayekuona. Soksi ndefu za kubana husaidia pia. Ukizitafuta sokoni Gikomba angalia zisiwe zimelegea, maana soksi ya kubana iliyolegea ni soksi tu.

Halafu omba kazi. Kwa nilivyoona mimi, mtazamaji huanguka zaidi kuliko mwenye shughuli. Kushika tochi ndiyo kazi mbaya kuliko zote: husogei, husemi, na macho yako yamefungwa mahali pamoja, hasa wakati wa kushona. Mwombe sista akuachie kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kujaza patografu, au kumsugua mama mgongo. Anza upande wa kichwa cha mama. Mahali hapo si pa wanyonge. Mama anayeshikwa mkono na kuambiwa kinachoendelea huzaa kwa hofu iliyopungua, na wewe unaona kila kitu kwa pembe ambayo haikushtui. Siku nyingine simama kiunoni. Ukizoea, shuka miguuni. Ukizoea kuona mtoto akitoka, ambako kwa hakika huangusha wachache kuliko watu wanavyodhani, ndipo uende kwenye kushona na kukagua kondo la nyuma.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna ufundi mmoja ambao kila mwanafunzi angefundishwa kabla ya kupewa sare. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, pamoja na mwenzake, waliueleza kama tiba ya watu wanaozimia wakiona damu. Fanya hivi ukiwa nyumbani, umekaa kwenye kiti. Kaza misuli ya mikono, kifua, tumbo na miguu kwa pamoja, kwa nguvu, mpaka uhisi joto likipanda usoni. Huchukua sekunde 10 hadi 15. Halafu achilia, lakini usilegee kabisa. Rudi tu katika hali ya kawaida kwa sekunde 20 hadi 30. Rudia mara tano. Lile joto la usoni ndilo ishara kwamba presha imepanda. Fanya zoezi hilo mara kadhaa kwa siku kwa wiki moja kabla ya rotesheni, hata kwenye matatu, mpaka mwili ulifanye bila kuambiwa. Kisha tazama video ya mtoto akizaliwa au ya mama akishonwa huku unakaza. Ukiona giza linakuja, kaza zaidi badala ya kuizima simu.

Kitandani, ambako hutaki kuonekana unatunisha kifua, lipo toleo la kimyakimya: pishanisha miguu ukiwa umesimama, bana mapaja na makalio, kaza tumbo. Au fumbata vidole vya mkono mmoja kwa vya mwingine kisha uvute pande mbili bila kuachia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 223 waliokuwa na historia ya kuzimia walifuatiliwa. Katika kundi lililopewa ushauri wa kawaida peke yake, karibu nusu walizimia tena. Katika kundi lililofundishwa mbinu hizi za kukaza misuli, kama theluthi moja. Si muujiza. Theluthi moja bado ni wengi, ndiyo maana lazima ujue pia namna ya kuanguka vizuri.

Mwili hutoa onyo. Mwingine hupiga miayo mfululizo asiyoielewa. Mwingine huhisi joto shingoni, kisha jasho la baridi, kisha kichefuchefu. Sauti za watu husikika kama zinatoka chumba cha pili, macho yanaona vumbi jeusi pembeni, midomo inapauka. Jifunze mpangilio wako, kwa sababu hurudi ule ule. Tangu onyo la kwanza hadi kuanguka huwa na muda mfupi, pengine nusu dakika, pengine zaidi, na muda huo ndio wako wote. Usiutumie kutafuta mlango. Kosa linalojeruhi wanafunzi ni kutoka mbio kwenda koridoni "kupata hewa", kisha kuanguka peke yako kwenye sakafu yenye maji, mahali ambapo hakuna anayekuona.

Sema, "Sista, nahisi kizunguzungu, nakaa chini." Maneno hayo yazoee nyumbani kwa sauti, kwa sababu hayaji yenyewe. Usiombe ruhusa wala usieleze sababu. Rudi nyuma hatua moja kutoka kitandani, egemea ukuta, teleza hadi sakafuni, na kama giza halijaisha, lala kabisa uinue miguu juu ya kiti au ndoo iliyofunikwa. Aibu ya kukaa sakafuni ukiwa na sare nyeupe huisha kabla ya chakula cha mchana.

Ukiwa umeshika kitu, mpangilio ni huu: kilicho hai kwanza. Mtoto mweke kifuani kwa mama, ambako alistahili kuwa hata hivyo, au mpe aliye karibu huku ukimwambia kwa jina, "Mshike." Sindano na mkasi viweke kwenye sahani, usivitupe wala usivipitishe hewani. Ukiwa kwenye chumba cha upasuaji umevaa gauni safi, jambo kubwa ni kuanguka kwa nyuma, mbali na meza. Usishike kitambaa kilichomfunika mama ili kujizuia. Madaktari wa upasuaji watalalamika kuhusu gauni. Waache walalamike.

Ikitokea umeanguka na ulikuwa na sindano, au damu ya mama imekuingia machoni, kizunguzungu kikiisha mambo hayajaisha. Osha ngozi kwa sabuni na maji, macho kwa maji mengi, na mwambie inchaji siku hiyo hiyo. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU, huanzishwa mapema iwezekanavyo na haipaswi kupita saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Nimesikia wanafunzi wakinyamaza juu ya sindano ili tu kuficha kwamba walizimia. Hakuna sifa duniani inayofaa kununuliwa kwa bei hiyo. Vivyo hivyo kichwa kikigonga saruji: ukitapika, ukipata usingizi usio wa kawaida au maumivu yanayozidi, unahitaji daktari, hata kama zamu haijaisha.

Nyinyi mlio karibu na aliyeanguka, yenu ni machache. Mwacheni alale. Mkono unaomvuta asimame ndio unaomwangusha mara ya pili. Inueni miguu yake, legezeni barakoa, fungueni aproni, na wengine mrudi kwa mama, kwa sababu mama bado yuko kwenye uchungu na hajaacha kuhitaji watu. Msimwagie maji usoni. Akipata fahamu, akae dakika kumi au zaidi kabla ya kusimama, ale kitu cha sukari, asimame kwa hatua. Na asipande bodaboda kurudi nyumbani saa hiyo.

Kisha rudi. Siku hiyo hiyo ukiweza, baada ya kula, hata kwa robo saa, hata kama ni kusimama tu upande wa kichwa bila kugusa kifaa. Siku inayopita bila kurudi huikuza hofu, na wikendi nzima huifanya kuwa kubwa kuliko wodi. Nenda kwa yule mama umwambie, "Pole mama, nilikuwa sijala." Aghalabu atakucheka, kisha atakuuliza kama sasa umekunywa chai. Akina mama wa Eastlands wameona mengi. Mwanafunzi aliyeanguka si jambo litakalowaharibia siku.

Kuna kuzimia ambako uji hautakutibu. Kama kulitokea baada ya mtoto kufa mikononi mwenu, au baada ya kumwona mama akipigwa kofi la pajani na kutukanwa, au kwa sababu kitanda kile kilikukumbusha jambo lililokupata wewe mwenyewe, usilifunike kwa maneno ya sukari kushuka. Mwili ulikataa kitu chenye sababu ya kukataliwa. Mtafute mwalimu wa kliniki unayemwamini, au mshauri wa chuo, au mkunga mzee aliyebaki na moyo laini, na uliongee lote. Wodi zetu zina ugonjwa wa kumwambia kila mtu ajikaze, na walimu wenzangu wanapaswa kuulizwa kwa nini mwanafunzi anaweza kushuhudia kifo saa tatu na kutarajiwa kupima presha saa tatu na robo.

Kwenu inchaji na walimu ombi langu ni dogo. Siku ya kwanza, kabla ya kuonyesha mahali pa glavu, semeni hadharani: ukihisi vibaya kaa chini, hakuna atakayekuandika vibaya. Wekeni stuli moja pembeni. Waruhusuni wakanywe maji saa nne. Na mpunguze umati kitandani. Mama pia atashukuru.

Mwisho kuna ishara ambazo hazihusiani na ukunga hata kidogo. Ukizimia ghafla bila onyo lolote, ukizimia ukiwa unakimbia au umelala, ukihisi moyo ukiruka au kifua kikiuma kabla ya kuanguka, au kama ndugu yako wa karibu alikufa ghafla akiwa kijana, nenda upimwe moyo kwa mashine ya ECG kabla ya kurudi wodini. Ukiambiwa kwamba ulitetemeka kwa muda mrefu, ukajiuma ulimi pembeni, au ulikaa ukiwa umechanganyikiwa baada ya kuamka, mwambie daktari, maana hiyo yaweza kuwa kifafa. Mitetemo michache ya sekunde chache ni kawaida hata katika kuzimia kwa kawaida.

Na wale ambao wamekula, wamekaza misuli, wamerudi, na bado wanaanguka kila wiki: haimaanishi muache chuo. Tiba ya woga wa damu ipo na huenda hatua kwa hatua mbele ya mtaalamu. Wengi humaliza kwa vikao vichache. Lakini mwambie mwalimu kabla orodha ya zamu haijabandikwa ukutani. Ikishabandikwa, kubadilisha hata Jumanne moja ni kuzungushwa ofisi tatu.